Barkempu penye udhibiti mkali: anza na ubao, malizia na daftari la mlangoni

Mdau kauliza namna ya kuandaa barkempu, yaani mkutano ambao washiriki wenyewe ndio watoa mada, katika nchi ambayo mikusanyiko inafuatiliwa na intaneti ni ya kubahatisha. Mfano mzuri ni Yangon, Myanmar. Barkempu ya kwanza pale ilifanyika Januari 2010, jeshi likiwa bado madarakani, na walifika watu zaidi ya 2,000. Wakati huo mwanablogu Nay Phone Latt alikuwa gerezani tangu 2008, kwa hiyo hatari ilijulikana. Mada zilikuwa za blogu, programu na fonti, mambo ambayo mtu anaweza kuyatetea mbele ya afisa yeyote.

Ubao wa ratiba ndio roho ya mkutano. Vyumba 6 vikae juu, saa zishuke pembeni. Kila kipindi dakika 45: 30 za mada, 10 za maswali, 5 za kuhama chumba. Kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 10 jioni, ukitoa saa moja ya chakula, unapata vipindi 8, yaani nafasi 48. Usizijaze zote asubuhi. Acha robo wazi, maana mada nzuri huzaliwa watu wakiwa wanakula. Kwenye kikaratasi anachobandika mtoa mada ubaoni iandikwe mada tu bila jina, ili hata ubao ukipigwa picha usimchongee mtu.

Intaneti isitegemewe kabisa. Weka mafaili kwenye laptopu moja iwe seva, yaani ndiyo igawe mafaili kwa wengine, uiunganishe na rauta, kifaa kinachorusha Wi-Fi, washiriki wayafungue kwa simu zao. Hapa wengi hukwama: simu ikiona Wi-Fi haina intaneti hurukia data yenyewe, na ukurasa haufunguki. Waambie wazime data kwanza. Rauta ya nyumbani huanza kulemewa vifaa vikifika kama 30, basi kila chumba kiwe na yake, na flashi za akiba ziwepo. Mafaili yawe PDF, maana hubeba fonti yake ndani. Myanmar ya wakati ule, maandishi ya Yunikodi, mfumo wa kimataifa wa herufi za kompyuta, yalivurugika kwenye kompyuta zenye fonti ya Zawgyi, fonti ya Kiburma isiyofuata mfumo huo.

Picha: kamba nyekundu ya beji maana yake usinipige picha. Wapiga picha waelezwe kabla mlango haujafunguliwa.

Daftari la mahudhurio ndilo linaloniumiza roho zaidi. Idadi ya chakula huhesabiwa kwa vibandiko vyenye namba; simu na majina ya nini? Kibali kikidai orodha, tangazo libandikwe mlangoni likisema itapelekwa wapi, mtu aamue kabla hajashika kalamu.