Belo la kilo 45 na kauli ya mwisho

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii, "Utandawazi umetupa zaidi au umetunyang'anya zaidi?", limenigusa pabaya. Nitalijibu kwa kuzunguka kidogo, kwa sababu naona kuna la kuuliza kabla yake: nani ana kauli ya mwisho juu ya nguo inayouzwa kwenye masoko ya mitumba ya Karume (Dar es Salaam), Gikomba (Nairobi) au Owino (Kampala)? Kati ya 2016 na 2018 tulipewa jibu mchana kweupe, na inasikitisha jinsi tulivyolisahau upesi.

Tukumbushane. Tarehe 2 Machi 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikutana Arusha, katika mkutano ule ule ulioipokea Sudan Kusini. Wakakubaliana kwamba ndani ya miaka mitatu tuachane na nguo na viatu vya mitumba ili viwanda vyetu vya nguo na ngozi vipate soko. Silaha ya kwanza ilikuwa ushuru. Nguo za mitumba zilikuwa zikilipiwa asilimia 35 ya thamani au senti 20 za dola kwa kilo, kinachochukuliwa ni kile kilicho kikubwa. Kima cha kilo kikapandishwa hadi senti 40. Rwanda ikaruka mbali zaidi, hadi dola 2.50 kwa kilo.

Asiyeijua biashara hii ataona ni senti tu. Belo la kawaida lina kilo 45, na kontena la futi 40 huingia mabelo kama 550. Kwa senti 40, ushuru wa belo moja haupungui dola 18. Kwa kima cha Rwanda ni dola 112.50, na hapo bado VAT, wakala wa forodha na lori la kutoka bandarini. Ushuru unapimwa kwa kilo kwa sababu nguo iliyokwisha kuvaliwa haina bei ya kiwandani ya kuilinganisha nayo. Mwagizaji akiandika kwenye ankara kwamba mzigo ni wa bei ya kutupa, ofisa wa forodha hana pa kumkamatia, ila mizani ipo pale pale.

Ubaya ni kwamba mizani haijui ubora. Jinzi moja ina gramu 500 hadi 600, kwa hiyo belo hutoa kama 75 hadi 90. Fulana ya gramu 180 hutoka 250. Kwa kima cha Rwanda, kila jinzi inabeba ushuru wa dola 1.25 hadi 1.50, na fulana senti 45, iwe nzima au imechanika kwapani. Mnunuzi wa jumla naye hununua belo likiwa limefungwa mikanda, amesoma lebo tu. Akilifungua akakuta madoa na zipu zilizokufa, hana wa kumrudishia. Faida yake yote iko kwenye vipande vya juu, vinavyogombaniwa asubuhi belo linapofunguliwa. Vinavyobaki hushuka bei siku hadi siku mpaka vinamwagwa chini kwenye turubai, chagua upendacho. Kwa maana hiyo ushuru wa kilo unalipwa mpaka kwenye takataka, na anayeufidia ni yule aliyenunua vipande vichache vizuri.

Machi 2017 chama cha Wamarekani wanaofanya biashara ya nguo chakavu, SMART, kikapeleka malalamiko kwa Mwakilishi wa Biashara wa Marekani, kikidai kwamba ajira 40,000 za kwao ziko hatarini. Walichoegemea ni AGOA, sheria ya Marekani ya mwaka 2000 iliyoruhusu bidhaa zetu kuingia kwao bila ushuru, kwa masharti, na moja ya masharti hayo lilikuwa kuondoa vizuizi dhidi ya biashara ya Marekani. Juni uchunguzi ukafunguliwa juu ya Rwanda, Tanzania na Uganda. Kenya haikuguswa kwa kuwa ilikwisha kurudi nyuma. Julai kikafanyika kikao cha hadhara Washington. Februari 2018, Kampala, wakuu wetu wakaliacha wazo la kupiga marufuku. Rwanda ikashikilia ushuru wake. Tarehe 29 Machi Rais Trump akatoa notisi ya siku 60, na mwisho wa Julai nguo za Rwanda zikaondolewa kwenye msamaha. Biashara iliyoguswa ilikuwa kama dola milioni 1.5 kwa mwaka.

Nilikuwa nimekusudia niishie hapo, niseme utandawazi ni mwenye nguvu kumpangia mnyonge nguo ya kuvaa, na kwamba Rwanda peke yake ndiyo iliyosimama. Hasira hiyo bado ninayo na naiona ni ya haki. Lakini nikiendelea na hesabu, mambo hayakai sawa.

Kwanza, Kenya ilikuwa inalinda nini? Wakati huo suruali ya pamba ikiingia Marekani bila AGOA ilikuwa ikilipiwa ushuru wa asilimia 16.6. Nguo za nyuzi za kutengenezwa kama poliesta, nyingine zilifika 32. Viwanda vya Athi River na Ruaraka vinashona kwa oda, na mwenye oda anaangalia jumla ya gharama hadi bandari ya Marekani. Mwondolee nafuu hiyo, msimu unaofuata kazi inahamia Asia. Rwanda iliweka mezani dola milioni 1.5, Kenya ingeweka mamia ya mamilioni. Kuwapima kwa kipimo kimoja cha ujasiri ni kuwaonea Wakenya. Hata hivyo tusidanganyane: AGOA iliruhusu kitambaa kitoke nchi yoyote, na kingi kilichoshonwa kule kilitoka Asia. Kilicholindwa ni mishahara ya washonaji. Mkulima wa pamba hakuwemo.

Na mkulima ndiye tuliyeambiwa marufuku inamtetea. Kilo 100 za pamba mbegu, yaani pamba ikiwa bado na mbegu zake, zikipita kwenye kiwanda cha kuchambua hutoa takribani kilo 35 za pamba nyuzi. Fulana ya gramu 180 huhitaji gramu 230 hivi za pamba nyuzi, maana kuna upotevu kwenye kusokota na kukata. Hiyo ni kama gramu 650 za pamba mbegu. Kwa bei elekezi ya Tanzania ya 2019, shilingi 1,200 kwa kilo, mkulima anapata chini kidogo ya shilingi 800 kwa fulana nzima. Msimu huo huo bei ya dunia ikaanguka, wanunuzi wakashindwa kufikia bei iliyotangazwa, na wakulima wa Simiyu na Shinyanga wakakaa na stakabadhi bila fedha. Gikomba yote ingefungwa, wale wakulima wangebaki vile vile, kwa sababu pamba yao nyingi inauzwa nje kabla haijawa uzi.

Ili ibaki nyumbani lazima isokotwe, ifumwe na itiwe rangi hapa, na hapo ndipo tunapokwama. Umeme ukikatika, nyuzi nyingi kwenye mashine ya kusokota hukatika kwa mpigo, na kila mmoja huungwa kwa mkono. Ukikatika kitambaa kikiwa kwenye rangi, kinatoka na mabaka. Kuna jambo dogo zaidi linaloniuma: nyuzi za viroba. Pamba ikihifadhiwa kwenye mifuko ya sandarusi, vinyuzi vyake huchanganyika nayo, na sandarusi haishiki rangi. Vidoa vyeupe vinajitokeza baada ya kitambaa kutiwa rangi, gharama zote zikiwa zimekwisha kuingia. Mnunuzi wa nje analijua hilo, kama anavyojua habari ya maji na mchanga unaotiwa kwenye pamba kuongeza uzito, naye anaikata bei ya pamba yetu mapema.

Wanaosema mtumba ndio ulioviua viwanda vya nguo vya Tanzania vya Mwatex na Mutex na kuidhoofisha Urafiki, wakumbuke mwanzo wa miaka ya 1980. Mtumba ulikuwa bado haujaruhusiwa, lakini viwanda vilikuwa vikichechemea kwa kukosa vipuri na fedha za kigeni, na watu walikuwa wakipanga foleni kutafuta kitambaa. Mtumba ulipofunguliwa njia katikati ya miaka hiyo ulivikuta viwanda vikiwa tayari taabani.

Na pengo huwa halikai tupu. Kuanzia miaka ya 1830 merikani, kitambaa cha pamba cha Kimarekani, ilikuwa ikishushwa Unguja kutoka Salem, Massachusetts. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipoizuia mwaka 1861, waliochukua soko ni Waingereza na Wahindi. Mtumba ungeondoka 2019, ninaamini mrithi angekuwa nguo mpya ya bei nafuu kutoka Asia, ambayo ankara yake nayo inachezewa. Jirani yangu angenunua fulana nyepesi ya kuchakaa upesi, kwa bei kubwa kuliko ya Karume.

Kwa hiyo, Mhariri, niandikieni upande wa "umetupa zaidi", ingawa nilipoanza sikutarajia. Kura hiyo ni ya mvaaji, muuzaji na mshonaji. Kwa mkulima wa pamba wa Meatu ningepiga kinyume. Na ninaiweka kwa sharti: forodha ipime vitambaa na nguo mpya kwa kilo, kama inavyopima mitumba, na vyama vya ushirika visipokee pamba iliyofungwa kwenye viroba. Hayo mawili hayahitaji ruhusa ya Washington. Yakifanyika kwa misimu mitatu minne na viwanda vya kusokota vikapata umeme usiokatika, mazungumzo ya kupunguza mtumba yanaweza kurudi mezani, na safari hiyo nitakuwa upande wa Rwanda.

Msomaji wenu