Barua kwa Mwanangu: Wasifu wa Mjomba Wako

Mwanangu,

Jana simu ilikatikakatika, nikasikia swali lako nusu: ukoo umekupa kuandika wasifu wa marehemu mjomba wako wa kusomwa mazishini Jumamosi, na hujui uanzie wapi wala uache nini. Nakuandikia ili uwe nayo mkononi.

Anza na tarehe, maana ndizo zitakazokusumbua. Kitambulisho chake cha taifa, cha NIDA, kinasema 1 Julai 1948. Usiishangae hiyo Julai mosi. Wengi waliojua mwaka tu waliandikiwa hivyo. Kitabu cha ubatizo cha kanisa la Magila kina safu mbili, ya kuzaliwa na ya kubatizwa, na anayenakili haraka huchukua ya pili. Wewe andika "alizaliwa mwaka 1948" basi. Usitafute siku nyingine inayopingana na kitambulisho, kwa sababu nakala ya wasifu hubaki kwenye mafaili ya familia, na wakati wa cheti cha kifo na mirathi kuna atakayeitoa na kuuliza ipi ni ya kweli.

Elimu ni mstari mmoja: alimaliza darasa la nane mwaka 1964. La nane, si la saba. Shule za kati za wakati ule zilifika hapo, lakini kijana atakayekuchapia atadhani umekosea na kukusahihisha. Mwambie asiguse.

Kazi ndiyo yenye mtego. Aliajiriwa Machi 1967 kwenye genge la reli, yaani kikundi cha watengeneza njia ya treni, hapa hapa Korogwe. Watu watakwambia uandike "aliajiriwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki". Mkataba wa Jumuiya ulianza kutumika Desemba 1967, yaani yeye alikuwa na miezi minane kazini. Mwajiri wake wa kwanza aliitwa Reli na Bandari za Afrika Mashariki. Mwaka 1969 reli na bandari zikatenganishwa yakawa mashirika mawili, na Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 akahesabiwa kwenye Shirika la Reli Tanzania. Kwa hiyo aliomba kazi mara moja, mwajiri akabadilika jina mara mbili, na yeye hakuhama hata nyumba. Sema hivyo kwa sentensi moja, wazee wa reli watatikisa kichwa. Alistaafu mwaka 2003 akiwa na miaka 55, kwa hiari. Liandike hilo neno "kwa hiari", maana kuna waliopunguzwa kazi miaka ile na watu wa mjini wanawachanganya.

Usimwite "mfanyakazi wa reli" ukaishia hapo. Karani wa tiketi naye ni mfanyakazi wa reli. Mjomba wako alikuwa mtu wa njia: kukaza skrubu zilizolegea, kubadili mataruma yaliyooza (yale ya kulala yanayobeba reli), kurudisha kokoto zilizosombwa na mvua. Miaka ya mwisho alikuwa nyapara wa genge. Wasiojua wataelewa ukiwaambia kwamba kokoto zikipungua chini ya taruma, reli hubonyea kila treni inapopita, skrubu hulegea, na ubovu huenea kwenye mataruma ya jirani. Ndiyo sababu alikuwa akitembea njiani asubuhi akiangalia chini. Hata baada ya kustaafu aliendelea kutembea hivyo barabarani, kila mtu mjini amemwona.

Sasa sehemu utakayokaa nayo zaidi, ile miaka ya banda la baiskeli, alipokuwa fundi. Hapa ndipo wasifu nyingi huharibika. Mwandishi huishiwa na tarehe, anaanza: alikuwa mcheshi, mchapakazi, mpenda watu, mtu wa watu. Maneno hayo yamesomwa kwa kila marehemu wa wilaya hii, wakiwemo ambao sote tulijua hawakuwa hivyo. Yafute yote, andika alichokuwa akikifanya.

Kwa mfano pancha. Alitoa mpira, akaujaza upepo, akauzungusha kwenye beseni la maji mpaka mapovu yaonekane. Akapaka alama, akaukausha, akausugua msasa mpaka mng'ao uishe, akapaka solusheni nyembamba na kungoja. Fundi mwenye haraka hubandika kiraka solusheni ikiwa bado mbichi, na kiraka kinabanduka kesho yake. Yeye alisubiri mpaka ukiigusa haikushiki kidole. Halafu, kabla ya kurudisha mpira, alipitisha kidole polepole ndani ya tairi, mzunguko mzima, kutafuta mwiba au kipande cha waya, kwa sababu kikibaki humo unaziba tundu leo na kesho linatoboka lilelile. Akikipata, alimkabidhi mwenye baiskeli mkononi. Kama mwenyewe ni mtoto wa shule, alimkabidhi mwiba na hakupokea hela.

Hiyo ndiyo aya yako. Mistari sita au saba, bila kuongeza kwamba alikuwa mwema. Kanisani kutakuwa na watu wazima waliowahi kupewa ule mwiba.

Ukitaka kingine, chukua cha treni. Desemba 2019, treni ya abiria ya Dar es Salaam kwenda Moshi iliporudi baada ya miaka mingi, alikwenda stesheni na kusimama pembeni ya njia. Wenzake walitazama mabehewa, yeye alitazama mataruma. Inatosha, usieleze maana yake.

Kupata mambo kama haya usiwaulize watu "marehemu alikuwa mtu wa namna gani?" Watakurudishia mcheshi na mchapakazi. Uliza: akiamka alianza na nini? Nani alikuwa na deni lake naye asimdai? Alikataa kula nini? Mkaza mjomba wako mwendee jioni, wageni wakishapungua. Asubuhi anapokea mikono ya pole na atajibu lolote ili umwache. Tafuta pia mmoja wa genge na kijana mmoja wa pale stendi. Watu watatu wanatosha. Ukiuliza kumi utapata ugomvi.

Familia: walifunga ndoa mwaka 1972. Andika "walijaliwa watoto 7, walio hai ni 5", kisha majina yote saba kwa mpangilio wa kuzaliwa, na wale wawili waliotangulia wawe kwenye nafasi zao. Watu hupenda kuwaruka waliokufa wadogo, na mama yao anakuwa amekaa pale mbele anasikia. Wajukuu taja idadi, 11, na kitukuu 1. Majina ya wajukuu yasiingie. Utamsahau mmoja, na huyo mmoja ndiye mama yake atakayekununia mpaka arobaini. Orodha ya watoto mwonyeshe mjane peke yake kabla hujaichapa, kisha usiruhusu mtu mwingine aongeze wala kupunguza.

Ugonjwa: "aliugua kwa miezi minne" na mahali alipofia. Jina la ugonjwa liandikwe tu akikubali mjane. Shukrani ziwe fupi, kwa waliomuuguza na majirani. Usitaje viwango vya michango, hiyo ni kazi ya mweka hazina wa kamati. Na madai ya mafao, kiwanja, nani alimtunza na nani hakuonekana, hayo yote yabaki nje. Wasifu haujibiwi papo hapo, kwa hiyo ukimchoma mtu humo umemchoma akiwa amefungwa mikono.

Urefu ni karatasi mbili za A4, herufi za ukubwa wa 14, mistari iliyoachana. Zikisomwa taratibu ni kama dakika tano, na padri atakushukuru. Muulize leo kama unasomwa nyumbani kabla ya mwili kutoka au kanisani, maana ukisomwa nyumbani kuna spika na kelele za turubai, na sentensi ndefu zitapotea. Miaka iandike kwa tarakimu, lakini isome kwa sauti wewe mwenyewe kwanza. Mahali utakapokwama na msomaji atakwama hapohapo.

Asisome mtoto wake yeyote. Mwombe binamu yako mkubwa, ana sauti na halii upesi. Watani wakimkatiza kudai marehemu alikuwa na deni lao, asimame tu, acheke nao, kisha arudie sentensi aliyoiacha tangu mwanzo. Chapa nakala tatu: ya msomaji, ya padri, na ya akiba ukae nayo wewe, kwa sababu ya kwanza kwa kawaida hupotea kati ya nyumbani na kanisani.

Rasimu iwe kwa wifi yangu Alhamisi jioni ili Ijumaa ubaki na siku ya kusahihisha. Na binamu yako mkumbushe miwani.

Mama yako