Krimu Mbili, Nyumba Moja: Maswali Yenu ya Rangi za Ukuta

Section 58, Nakuru: *Mimi na mume wangu tumebaki na krimu mbili. Mimi naziona sawa kabisa, yeye anasema moja ina umanjano. Madirisha ya sebule yanaangalia magharibi. Tuchukue gani?*

Dada, mzee ana macho. Kila krimu imeficha rangi nyingine ndani yake: manjano, waridi, kijivu, hata kijani. Weka kadi zote mbili za rangi juu ya karatasi nyeupe ya kuandikia na utaona anachokisema. Juu ya kaunta ya hadiwea huwezi kuona kitu.

Sasa hilo dirisha. Kuanzia saa tisa alasiri jua litaingia moja kwa moja, na kadiri linavyoshuka ndivyo linavyozidi kuwa la dhahabu. Krimu yenye umanjano ikipata jua hilo itageuka siagi. Mimi ningechukua ile nyingine, lakini msinishike shati kabla ya kujaribu. Nunueni mkebe mdogo wa kila moja, mpake karatasi mbili za manila, kila moja mara mbili, mziache zikauke kabisa (rangi ya maji ikiwa mbichi huonekana nyepesi kuliko itakavyokuwa), kisha mzibandike ukutani. Zitazameni saa mbili asubuhi, saa saba mchana, saa kumi na moja jioni, na usiku stima ikiwaka. Zihamisheni pia hadi kwenye ukuta wenye dirisha, maana huo haupati mwanga kama ule unaolitazama. Siku mbili zikipita na bado huoni tofauti, mwachie mume achague. Wewe huna cha kupoteza.

Migosi, Kisumu: *Nilinunua kijivu chepesi, fundi akamaliza chumba cha kulala, na sasa nalala ndani ya samawati. Dirisha liko upande wa kusini. Nimeuziwa rangi siyo?*

Linganisha kwanza namba iliyo kwenye mkebe na ile ya kadi. Zikiwa sawa, duka halina kosa. Kijivu nyingi zina samawati ndani, na mwanga wa chumba chako ndio ulioitoa nje. Unasema dirisha liko upande wa kusini. Huku kwetu kwenye ikweta jua hupita karibu na utosi, likiegemea kaskazini mwezi wa Juni na kusini mwezi wa Desemba, kwa hiyo karibu nusu ya mwaka dirisha lako linapokea mwanga wa anga tu, na anga ni samawati. Nitabahatisha jingine: balbu yako ni ile nyeupe kali, boksi lake limeandikwa 6500K (K ni kipimo cha rangi ya mwanga; namba kubwa ina usamawati, ndogo ina umanjano). Weka ya 3000K, uangalie usiku. Balbu ni bei ndogo kuliko kumwita fundi tena. Mchana ukiendelea kukuudhi, hapo tafuta kijivu yenye uhudhurungi kidogo.

Nakuelewa. Niliwahi kuchagua kijani laini chini ya taa za duka, nikakipaka jikoni, na jirani akaniuliza kama nimefungua zahanati.

Kakamega: *Mparachichi uko karibu na dirisha. Ukuta mweupe unaonekana wa kijani. Nikate mti?*

Usikate! Jua linagonga majani na kuingia ndani na rangi yake. Chukua nyeupe yenye chembe ya waridi. Itaupoza ukijani huo, na utaendelea kula maparachichi.

Bungoma: *Mkebe wa kwanza uliisha katikati ya ukuta. Wa pili una jina lilelile lakini mstari unaonekana.*

Jina lile lile halitoshi. Mikebe iliyotengenezwa siku tofauti huachana kidogo, ndiyo maana kuna namba ya toleo. Anayejua hununua yote kwa pamoja, humwaga kwenye ndoo moja kubwa na kukoroga kabla ya kuanza. Kwako sasa, changanya kilichobaki, upake ukuta huo wote upya kutoka kona hadi kona. Tofauti ndogo kwenye kona jicho haliioni.

Na pigeni hesabu mapema. Chumba cha mita 3 kwa 3.5, chenye urefu wa mita 2.7 kwenda juu, kina mita mraba 31 hivi ukitoa mlango na dirisha. Ukipaka mara mbili ni 62, na lita moja ikifunika mita mraba 10, unahitaji zaidi ya lita 6. Mkebe mmoja wa lita 4 lazima ukuache njiani.

Ahero: *Rangi ni ya namba ileile, nusu ya ukuta ya kung'aa kwa sababu ya mikono ya watoto, nusu isiyong'aa. Mbona hazifanani?*

Ya kung'aa inarudisha mwanga, kwa hiyo ukisogea nayo inabadilika, isiyong'aa hutulia. Hazitafanana kamwe zikikaa bega kwa bega. Piga mstari wa rangi nyingine katikati, upana wa vidole vitatu, ionekane ulikusudia.