Maswali ya Wasomaji: Mkaa, Vifungashio na Shimo la Taka

Barua nyingi tulizopokea kwa toleo hili zimetoka Tanga, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: mtu wa kipato cha kawaida, asiye na uwezo wa kufunga umeme wa jua nyumbani kwake, afanye nini kila siku ili asiyaharibu mazingira anamoishi? Tunazijibu zile zinazowagusa wengi.

*Shikamoo. Mimi ni mama wa nyumbani, naishi Makorora. Redioni tunahimizwa kuachana na mkaa, lakini mtungi wa gesi ukiisha katikati ya mwezi sina fedha ya kuujaza kwa mkupuo, ilhali mkaa naupata kwa kisado. Je, kuna jambo la maana ninaloweza kufanya, au kazi hii tuwaachie wenye uwezo?*

Marahaba, mwanangu. Lipo, tena kubwa, kwa sababu katika nyumba zetu jikoni ndiko tunakotumia sehemu kubwa ya msitu. Tanuri la kienyeji la udongo hupoteza mti mwingi sana, kiasi kwamba kilo 1 ya mkaa huweza kuhitaji kilo 5 hadi 10 za kuni. Kwa hiyo kila kisado unachokiokoa kina miti mingi nyuma yake kuliko inavyoonekana. Wala sisi wa Tanga hatuna sababu ya kuona kwamba msitu ni habari ya watu wa milimani. Maji ya bomba la jiji letu hutoka bwawa la Mabayani, lililo kwenye mto Sigi, na mto huo huanzia Usambara Mashariki, kwenye misitu ya Amani. Miti ikikatwa kandokando ya mto, udongo hukosa wa kuushika, na tope lote hushuka bwawani.

Serikali imeweka Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, ambao lengo lake ni kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo ifikapo mwisho wa mkakati. Naliunga mkono lengo hilo kwa moyo wote, lakini chakula cha leo mchana hakina budi kuiva kwa nishati uliyonayo, na hapo ndipo mazoea yako yana nguvu.

Anza na maharage, kwa kuwa ni miongoni mwa vyakula vya kawaida vinavyokula mkaa mwingi. Yaloweke tangu jioni, asubuhi uyamwage yale maji, uyabandike kwa maji mapya, ukiwa umefunika sufuria kwa mfuniko unaokaa sawasawa. Yakishachemka, punguza moto kwa kufunga kidirisha cha jiko. Hapa pwani maji huchemka kwenye nyuzijoto 100, na yakishafika hapo hayapandi tena hata ukijaza mkaa hadi juu. Moto wa ziada unageuza maji kuwa mvuke tu, na maharage hayaivi mapema zaidi. Hili nalisisitiza kwa sababu nimeona majiko mengi yakipulizwa kwa nguvu wakati chungu kimeshaanza kutokota.

Ukitaka kwenda mbele zaidi, tengeneza kapu la kutunzia joto. Chukua kapu pana la ukindu, lijaze nguo kuukuu au pamba pande zote na chini, kisha ushone mto mnene wa kulifunika juu. Maharage yaliyolowekwa yakishachemka barabara kwa dakika 20 au zaidi, epua sufuria pamoja na mfuniko wake, iweke ndani ya kapu, ufunike kwa mto na usiichungulie. Yataendelea kuiva kwa joto lake yenyewe kwa saa kadhaa, nawe utakuwa huru kwenda sokoni. Kabla ya kuyaunga, yarudishe jikoni yachemke tena, ili yawe salama kuliwa.

Kisha kuna makaa yanayobaki. Usiyaache yakateketea bure wala usiyamwagie maji. Yatie kwenye kopo la bati lenye kifuniko, yatazimika yenyewe kwa kukosa hewa, na kesho yatashika moto upesi. Lile vumbi la mkaa linalobaki chini ya gunia nalo lina kazi: lichanganye na uji mzito wa unga wa muhogo, ufinyange madonge, uyaanike juani hadi yakauke kabisa. Vifuu vya nazi, ambavyo nyumba nyingi za hapa huvitupa, huwaka vizuri sana. Uviwashie nje mpaka moshi uishe. Na tafadhali, jiko la mkaa lisilale ndani ya chumba kilichofungwa, kwa maana hewa yake huua bila kunusika.

Kama nyumba yenu ina umeme wa LUKU, fikirieni kuchanga polepole ili mnunue jiko la presha la umeme. Bei yake ya kununulia ni kubwa, nakubali, lakini chungu cha maharage huivia humo kwa chini ya uniti 1.

*Mimi ni mama lishe karibu na soko la Mgandini. Wateja wanataka mihogo na maandazi ya kwenda nayo, na wengi huja mikono mitupu. Zile nailoni laini naambiwa hazifai. Nitumie nini? Na mifuko mbadala inayouzwa sokoni, je, kweli ni salama kwa mazingira?*

Ndugu yangu, umeambiwa kweli. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania Bara tangu tarehe 1 Juni 2019, na nailoni laini zilizoingia mahali pake kwa kisingizio cha vifungashio zinaharibu vilevile. Mvua ikinyesha mitaro hupitisha maji kwa shida, kwa kuwa nailoni ndizo zinazoiziba, na zinazobaki huishia baharini. Kasa, ambao bado hutaga mayai Ushongo kule Pangani, huweza kumeza nailoni inayoelea wakiidhania konyeza.

Kwa mihogo na maandazi, jani la mgomba linatosha kabisa. Libabue kidogo motoni hadi lilegee na kung'aa, lipanguse kwa kitambaa safi, ufungie chakula kikiwa cha moto. Gazeti usilitumie kugusa chakula, kwani wino wake haukutengenezwa kwa kuliwa. Kwa maharage na mchuzi, himiza wateja wako wa kila siku waje na bakuli au hotipoti zao, na umwongezee kidogo anayekuja nayo. Chapati nusu huwashawishi watu kuliko bango lolote.

Kuhusu mifuko mbadala, naomba niseme wazi, maana wengi huiona kama kitambaa: ile inayouzwa sana imetengenezwa kwa polipropilini, ambayo ni plastiki. Faida yake ipo katika kuitumia tena na tena hadi ichakae. Anayenunua mpya kila aendapo sokoni hajabadilisha kitu. Kapu la ukindu hudumu zaidi, na fedha yake huenda kwa wanawake wanaosuka ukili huku huku kwetu.

*Mimi ni mwanafunzi, Chumbageni. Jirani yetu, mzee wa heshima, huchoma taka kila jioni, plastiki zikiwamo, na moshi unaingia chumbani ambako mdogo wangu mwenye pumu analala. Nimwambieje bila kumkosea adabu?*

Pole sana, mwanangu, na mpe pole mdogo wako. Moshi wa plastiki hubeba sumu zinazodhuru mapafu ya mtu yeyote, seuze ya mtoto mwenye pumu. Hata hivyo, si wewe wa kulipeleka jambo hili kwake. Mwombe baba, mama au babu yako aende kumsalimu mzee huyo wakati wa utulivu, pengine baada ya sala ya alasiri, na amweleze habari ya mgonjwa kwanza, kabla ya habari ya taka. Wazee wetu wengi huchoma kwa sababu wanataka uwanja safi, na akijua kwamba mtoto anaumia atasikiliza.

Aende pia na msaada mkononi, nao ni shimo la mboji. Jitolee kulichimba wewe mwenyewe, kina cha goti kwenye kona yenye kivuli. Maganda ya machungwa na ndizi, machicha ya nazi, mabaki ya mboga na majani makavu ya mwarobaini yapangwe tabaka kwa tabaka, bichi kisha kavu, yanyunyiziwe maji yawe na unyevu kama wa nguo iliyokamuliwa, na yageuzwe kila wiki. Likinuka vibaya, maji yamezidi. Ongeza majani makavu. Mifupa na matumbo ya samaki yasiingie humo, kwa sababu huita panya na paka. Yafukie kina kirefu mahali pengine. Baada ya miezi miwili au mitatu mtapata mbolea nyeusi ya kustawishia mchicha na bamia. Chupa za plastiki zitengwe, wapo vijana wanaozinunua kwa kilo. Kitakachobaki kwa ajili ya gari la taka kitakuwa kidogo sana.

Ikiwa mazungumzo hayatazaa matunda, mzazi wako amwone mjumbe wa mtaa, kisha ofisa afya wa kata.

*Naoshea vyombo sponji ya plastiki, inachakaa kila baada ya wiki chache. Kuna mbadala? Msomaji wa Pongwe.*

Dodoki. Panda mbegu chache chini ya ugo mvua za masika zinapoanza, liache tunda likaukie mtini hadi likitikiswa mbegu zilie, kisha limenye na kulikata vipande. Zile mbegu wagawie majirani.