Sikukuu ya Shukrani ukiwa ugenini

Ndugu, unasema wewe ni Mmarekani unayejitolea nje, mwaka wa kwanza, na ungependa kuwaandalia wenyeji wako karamu ya Sikukuu ya Shukrani, ila bata mzinga hapatikani na oveni huna. Fanya tu.

Usiing'ang'anie Alhamisi. Ile ya nne ya Novemba ni sikukuu kwenu. Huko uliko ni siku ya kazi kama nyingine. Jumamosi watu watakula bila kutazama saa.

Bata mzinga msahau. Kuku watatu wanatosha, tena huiva upesi kuliko dege zima la kilo sita. Chukua sufuria nzito yenye mfuniko, panga vijiwe ndani, weka kuku kwenye chombo juu yake, kisha makaa chini na juu ya mfuniko. Hiyo ni oveni. Ukiwa na kipimajoto, paja kwa ndani lifike nyuzi 74 za Selsiasi. Rangi ya nje hudanganya. Boga ukilipata, liponde na siagi. Pai achana nayo, mwaka huu haikuhusu.

Ila kabla ya kununua chochote, uliza nani hali nini, na kuku wachinjwe na nani. Hapo ndipo karamu nyingi za wageni huharibika, wala si kwenye chumvi. Mama mwenye nyumba atakuongoza vizuri kuliko mimi.

Nyumbani piga simu kabla ya chakula. Ukilia mezani, watadhani umeunguza kuku.