Maswali ya Wasomaji: Sanamu za Bronzi

SWALI: Nimeunda kwa nta mtu aliyeinama na mbwa kando yake. Kila nikisubu, yaani nikiyeyusha nta na kumimina bronzi mahali pake, mbwa anatoka na vitundu pale miguu inapoungana na tumbo. Mtu hana tatizo. Nimeshauriwa ninenepeshe miguu. Nifanyeje?

JIBU: Miguu iache ilivyo, kinachokuponza ni tumbo. Dalili hizo ni za mbwa aliyejaa ndani. Bronzi, takriban sehemu 9 za shaba kwa 1 ya bati, hunywea inapoganda, na penye wembamba huganda kwanza. Pale kwenye maungio pana unene, kwa hiyo huganda mwisho. Kama madini yalipitia miguuni, njia imeshaziba na hakuna cha kujazia pengo.

Mfanye mbwa awe na uwazi: nta ya unene wa milimita 5 hivi, sawasawa kote, na ndani yake kiini cha plasta na mchanga. Penyeza misumari ya chuma hadi kwenye kiini, vichwa vibaki nje, vishikwe na kalibu, yaani ganda la nje linalozunguka nta. Bila hiyo, nta ikishayeyuka kiini kitahama na ubavu mmoja utatoboka. Mrija wa kuingizia madini uunganishe tumboni, uwe mnene kuliko sehemu unayoilisha. Mirija ya kutolea hewa itoke kwenye nyayo. Usizidishe moto ukidhani madini yatapenya vizuri zaidi: nyuzi 1,100 za Selsiasi zinatosha kwa kawaida, na zikizidi sana unakaribisha gesi na kunywea zaidi.

Ushauri wa kunenepesha tunaupinga pia kwa sababu ya maana. Mbwa wa bronzi wa mchongaji wa Uswisi Alberto Giacometti, wa mwaka 1951, kichwa chini na miguu kama nyuzi, anabeba uchovu wote kwenye miguu hiyo. Marumaru ingedai nguzo chini ya tumbo, bronzi haidai.

SWALI: Je, mtu na mnyama wapakwe rangi tofauti?

JIBU: Ukitaka waonekane wanashiriki hali moja, hapana. Nitrati ya chuma, dawa ya kemikali ya kubadili rangi ya bronzi, huleta kahawia yenye wekundu. Pasha sanamu mpaka tone la maji lichemke papo hapo, kisha paka kidogo kidogo kwa brashi. Ikiwa baridi, dawa inachuruzika na kuacha michirizi. Ikiwa moto mno, rangi inabanduka kama vumbi. Fanyia kazi hii nje na uvae barakoa ya kuzuia mvuke. Nta ya kulinda rangi ipake kabla sanamu haijapoa kabisa.