Kwa nini rufaa iwe Mombasa

Dada, unauliza kwa nini hospitali ya King Fahd hapo Lamu wamempa mamako rufaa ya Mombasa na Malindi ipo karibu zaidi. Malindi wenyewe wagonjwa wazito huwapeleka Coast General, hospitali ya Mombasa! Ndiyo hospitali ya rufaa ya Pwani nzima, tena ya kufundishia. Basi mama asishtuke asubuhi akizungukwa na wanafunzi, daktari mkubwa akiwauliza maswali mbele yake. Mimi naona ni faida, maradhi hutazamwa na macho mengi, na asipotaka ana haki ya kukataa. Vukeni na boti alfajiri hadi Mokowe, ng'ambo ya bara, mshike barabara mapema, maana njia ya Witu na Garsen ni ndefu. Barua ya rufaa na picha za eksirei zibebe wewe mwenyewe.